Samaki Asiyehesabiwa

Kwa muda wa miaka kumi nilifundisha habari za bahari bila kuiona bahari. Mimi ni mzaliwa wa Misikhu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Kwetu jicho hukutana na mahindi na miwa, na asubuhi isiyo na mawingu huuona Mlima Elgon umekaa kimya upande wa kaskazini-magharibi. Maji tuyajuayo ni maji ya mito. Samaki tuwajuao ni kambare, ambao watoto huwavua kwa ndoana na nyungunyungu, na ngege na dagaa waletwao sokoni kutoka Ziwa Viktoria. Mtu wa kwetu akitaka kusifu ukubwa wa samaki, hunyosha mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huonyesha kiwiko. Zaidi ya hapo huambiwa kuwa anatia chumvi.

Chuo cha ualimu kilinipa stashahada ya kufundisha Kiswahili na Jiografia. Kila mwaka nilichora ubaoni pwani ya Afrika ya Mashariki, nikatia mishale ya pepo mbili: Kaskazi, ivumayo takriban Desemba hadi Machi, na Kusi, ivumayo takriban Aprili hadi Septemba. Nilieleza mikondo, kina na mawimbi kwa sauti ya mtu aliyewahi kulowa. Wanafunzi waliandika nilivyosema, na hapana aliyenishuku, isipokuwa mmoja. Siku moja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, maji ya bahari yana chumvi kiasi gani? Uliyaonja?" Darasa lilicheka. Nilimjibu kuwa katika kila kilo moja ya maji ya bahari mna takriban gramu 35 za chumvi. Jibu langu lilikuwa sahihi. Lakini alikuwa ameuliza maswali mawili, nami nilijibu moja.

Mwaka 2015, kijana huyo akiwa Kidato cha Pili, nilikuwa mwalimu wa zamu. Nilikabidhiwa orodha ya wanafunzi waliodaiwa karo, nami niliisoma mbele ya shule nzima, asubuhi, wanafunzi wakiwa wamesimama kwenye mistari. Niliisoma vizuri, kwa sauti ya wazi, kama nilivyofunzwa kusoma. Jina lake lilikuwamo. Alikwenda bwenini, akachukua mkoba wake, akatoka langoni, wala hakurudi tena. Orodha ile sikuiandika mimi, na mshahara wangu usingeweza kuwalipia wote waliotajwa. Maneno hayo nilijiambia mara nyingi, nayo ni ya kweli. Hata hivyo, sikuuliza alikokwenda.

Miaka saba ilipita. Siku moja mwezi wa Novemba 2022 simu yangu ililia, na sauti nzito ikanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yeye. Mjomba wake, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Malindi, alimchukua, na kijana akaanza kwa kuosha mashua za wageni. Kutoka kuosha alipanda akawa mtunza chambo, na sasa alikuwa baharia katika chombo cha kukodi kinachochukua wavuvi wa mchezo huko Watamu. Akasema, "Mwalimu, shule zimefungwa. Njoo uione ile bahari uliyotuchorea. Msimu wa mashindano umeanza, na nduaro wanapita."

Sikulala vizuri usiku ule. Mtu aliyetendewa ubaya akikualika kwa wema, mwaliko wake huwa mzito kuliko lawama.

Safari ilinichukua siku mbili. Nilipanda basi hadi Nairobi, na jioni nikapanda jingine la Mombasa. Kutoka Mombasa nilikwenda kwa matatu kupitia Kilifi hadi Gede, palipo magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kisha nikateremkia Watamu. Nilipofika ufuoni nilisimama kama mtu aliyesahau alilotumwa. Jambo lililonishangaza zaidi ya ukubwa wa maji ni kuwa hayatulii. Katika mchoro wangu wa ubaoni yalikuwa yametulia miaka yote.

Kijana alinipokea kwa mikono miwili. Nilimwacha mtoto mwembamba, nikamkuta mwanamume mwenye mabega, viganja vyake vigumu kama gome la mti. Jioni ile, tukila wali na samaki wa kupaka, alinifundisha mimi. Alinieleza kuwa nduaro ni jamaa ya sulisuli, na wote wana mdomo wa juu uliorefuka kama upanga, ambao huutumia kupiga samaki wadogo kabla ya kuwala. Katika maji ya Kenya hupatikana nduaro wa namna tatu: mweusi, wa buluu, na mwenye mistari. Majike huwa wakubwa kupita madume, na kwa nduaro wa buluu tofauti hiyo ni kubwa sana. Nduaro mkubwa kupita wote aliyepata kuvuliwa kwa ufito kwa mujibu wa sheria za mchezo ni mweusi mmoja aliyevuliwa na Mmarekani Alfred Glassell huko Cabo Blanco, nchini Peru, mwaka 1953. Alikuwa na uzito wa ratili 1,560, yaani zaidi ya kilo 700. Hapo nilikumbuka kiwiko cha watu wa kwetu, nikacheka peke yangu.

Nilimwuliza kwa nini samaki hao hufika karibu na pwani hii. Alinijibu kwa maneno ambayo mengine yalikuwa yangu. Wakati wa Kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka na kuteremka kusini, ukakutana na mkondo wa pwani yetu unaopanda kaskazini. Pakutanapo mikondo, maji ya chini yenye rutuba hupanda juu. Rutuba hiyo hulisha viumbe vidogo, vidogo hulisha dagaa, dagaa hulisha jodari, na nduaro huwafuata hao wote. Kisha akasema, "Haya ulitufundisha, Mwalimu. Sikuondoka bila kitu." Nilitazama sahani yangu.

Mchezo huu ni wa zamani katika pwani yetu. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alifika Malindi mwaka 1934, baada ya safari yake ya uwindaji barani, akavua samaki katika bahari hiyo. Mwaka 1952 alitoa kitabu chake juu ya mzee mvuvi wa Cuba anayepambana na nduaro mkubwa kwa siku tatu akiwa peke yake, na mwaka 1954 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Lakini tusidhani kuwa samaki huyu aligunduliwa na wageni. Wavuvi wa pwani walikuwa na jina lake katika lugha yao kabla ya wageni hao kufika na fito zao, nao walimnasa kwa mishipi ya mkono na kwa jarife, yaani wavu wenye macho makubwa. Tofauti ni kuwa mvuvi wa pwani huvua apate chakula na fedha, na mvuvi wa mchezo hutoa fedha apate kuvua.

Kabla ya kulala, kijana alinieleza jambo moja zaidi. Mgeni aliyekodi chombo chao kwa mashindano yale alikuwa ameahidi kuwa, ikiwa watapata zawadi, zawadi yote itagawanywa kwa mabaharia. Fungu lake alikwisha kulipangia kazi. Dada yake mdogo alikuwa akisoma katika shule yangu, akijiandaa kuingia Kidato cha Tatu mwezi wa Januari, na karo yake ilikuwa na deni. Sikujua kuwa msichana yule ni dada yake. Nilikuwa nikimfundisha kila wiki.

Tulishuka pwani alfajiri, nyota zikiwa bado mbinguni. Nahodha alikuwa mzee wa pwani, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Nilimwamkia, "Shikamoo, nahodha," naye akaitika, "Marahaba, Mwalimu. Karibu chomboni." Mgeni mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, daktari mstaafu kutoka Nairobi. Mabaharia walimwita Mama Daktari. Alikuwa na umbo dogo, na mikono yake ilinifanya nishuku kama ingeweza kumzuia hata mbuzi. Ni yeye aliyekubali nichukuliwe bila malipo, akisema kuwa kiti kitupu hakivui samaki.

Kabla ya kung'oa nanga, nahodha alinikalisha chini ya kivuli, akaniambia, "Mwalimu, kaa upendapo, uliza utakalo. Jambo moja tu nakusihi. Samaki akiuma, ufito ni wa mtu mmoja. Asiye mwenyewe akiugusa, hata kwa kidole, samaki huyo hahesabiwi." Sheria hiyo si ya Watamu peke yake. Chama cha kimataifa cha uvuvi wa mchezo, kilichoundwa mwaka 1939, kimeifanya kuwa moja ya nguzo za mchezo huu duniani kote. Mvuvi anaweza kufungwa mkanda wa kumshikilia, kiti chake kinaweza kugeuzwa na mwenzake, na nahodha anaweza kukisogeza chombo. Lakini ufito, mshipi na gurudumu lake ni vya mvuvi peke yake, tangu samaki anapouma hadi mshipi mnene wa mwisho unapofika mkononi mwa baharia. Nilijibu kuwa nimeelewa. Mwalimu huwa mwepesi wa kusema ameelewa.

Tulipita mlango wa mwamba wakati jua linachomoza. Nyuma yetu palikuwa na hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968, ambamo uvuvi hauruhusiwi. Mbele yetu rangi ya maji iligeuka kutoka kijani kuwa buluu, na kutoka buluu kuwa karibu na nyeusi, kwa sababu upande huo vilindi haviko mbali na pwani. Mawimbi yalianza kuturusha. Tumbo langu, lililozoea nchi kavu, lilitoa ushahidi dhidi yangu mara mbili, na kijana akanipa tangawizi nitafune, bila ya kucheka.

Kazi ya kutafuta nduaro ni kazi ya subira. Fito mbili ndefu hutandazwa ubavuni mwa chombo kama mbawa za ndege, mishipi ikatengana isijifunge. Chambo hukokotwa nyuma ya chombo, juu ya maji, ili kifanane na samaki mdogo anayekimbia. Nahodha hutazama ndege wa baharini, kwa kuwa wanapojitupa majini hapana budi kuna dagaa, na kwenye dagaa kuna walaji wao. Saa tatu ya asubuhi tulipata sulisuli mmoja, aliyetandaza pezi lake la mgongoni kama tanga. Mama Daktari alimvuta kwa muda mfupi, akapigwa alama, akaachiliwa. Kisha kwa saa nne hatukuona kitu ila maji, na chombo kimoja cha mashindano kilichokuwa mbali mno, kama punje ya mtama.

Saa saba na nusu gurudumu la mshipi lililia. Sina neno jingine la kuieleza sauti ile. Ilikuwa kilio cha chuma. Kijana alipiga kelele, "Nduaro! Nduaro mwenye mistari!" Wote wakaruka mahali pao kama wanafunzi wanaposikia kengele. Mama Daktari alikaa katika kiti, akafungwa mkanda, na ufito ukakunjika kama upinde. Mbali nyuma yetu bahari ilipasuka, na samaki akatoka mzima mzima. Alisimama juu ya mkia wake, akatikisa kichwa, na mistari ya ubavuni ikawaka rangi ya buluu ambayo sijaiona katika kitu kingine chochote. Nilikuwa nimefundisha neno "bahari" miaka kumi, wala sikujua kuwa ndani ya neno hilo mna kitu kama kile.

Mapambano yalichukua saa nzima na zaidi. Mama Daktari akivuta hatua moja, samaki hurudisha tatu. Jasho lilimtiririka, na midomo ikamkauka. Kijana alisimama nyuma ya kiti, mikono yake ikishika mgongo wa kiti na kukigeuza kumfuata samaki, macho yake hayaachi mshipi. Wala hakumpa maneno mengi. Mara kwa mara alisema tu, "Polepole, Mama. Mwache aende. Sasa vuta."

Samaki alipokaribia, akapiga mbizi ghafula. Wakati huo huo wimbi liliinua tezi ya chombo. Nilimwona Mama Daktari akinyanyuka kitini, ufito ukimvuta mbele kuelekea majini. Sikufikiri. Niliruka, nikaushika ufito kwa mikono yangu miwili.

Nadhani niliushika kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kijana akasema, si kwa ukali, "Mwalimu, achia." Niliachia. Hapo ndipo nilipotazama, nikaona jambo nililopaswa kuliona mwanzo. Mkanda ulikuwa umemshikilia Mama Daktari barabara, na mkono mmoja wa kijana ulikuwa tayari umeushika mkanda huo kwa nyuma. Hakuwa akianguka. Msaada aliouhitaji alikuwa nao, kutoka kwa mtu aliyejua kazi yake. Nilichoongeza mimi ni hofu yangu.

Hapana aliyenena. Nilitazamia nahodha asimamishe chombo, lakini alisema, "Samaki hajui sheria. Tumalize kazi yake vizuri." Wakaendelea kama kwamba ndiyo kwanza ameuma. Mama Daktari alivuta mpaka mshipi mnene ukafika mkononi mwa baharia wa pili. Nduaro alilala ubavuni mwa chombo, mrefu kupita mimi, jicho lake kubwa likitutazama. Walimkadiria kuwa na kilo 80. Kijana alichukua mti mwembamba wenye ncha, akampachika mgongoni alama ndogo yenye namba. Namba hiyo huandikwa katika kadi pamoja na tarehe, mahali na ukubwa wa samaki. Akivuliwa tena popote, hata mamia ya maili kutoka hapo, wataalamu wapate kujua alikopita na jinsi alivyokua.

Kisha kijana alijiinamisha mpaka kifuani mwake pakagusa maji, akamshika nduaro mdomo wake ule mkali, na chombo kikaenda polepole ili maji yapite katika matamvua yake. Alimshika hivyo kwa dakika kadhaa, kama mtu amshikaye mgonjwa anayejifunza kutembea. Rangi ilipomrudia, na mkia ulipoanza kusukuma, alimwachia. Samaki alikwenda zake bila ya haraka, akazama katika buluu.

Nilimwuliza baadaye kwa nini wanafanya taabu hiyo yote. Alinieleza kuwa nduaro wanapungua. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, imekwisha kuonya kuwa nduaro wenye mistari katika bahari hii wamevuliwa kupita kiasi. Sehemu kubwa huangamia katika nyavu na katika mishipi mirefu yenye ndoana nyingi ya meli kubwa, lakini hata mchezo una wajibu wake. "Tukiwaua wote," alisema, "watoto wetu watachorewa ubaoni tu."

Samaki alipokwisha kwenda, ilibaki redio. Kila chombo kilipaswa kutangaza samaki wake kwa kamati ya mashindano. Nahodha alichukua kinasa sauti, akakishika bila kusema, akamtazama Mama Daktari. Mama Daktari aliitazama bahari. Sote tulijua hesabu. Nduaro yule, pamoja na sulisuli wa asubuhi, angetuweka mbele ya vyombo vyote vya siku ile. Hapana aliyetuona. Chombo cha pili kilikuwa bado punje ya mtama. Mikono yangu haikuacha alama yoyote juu ya ufito.

Hapa naungama jambo ambalo lingenipendeza kulificha. Wazo la kwanza lililonijia ni kuwa wanyamaze. Mimi, niliyesimama mbele ya wanafunzi mwaka hata mwaka nikihubiri uaminifu katika mitihani, nilitamani watu wanne waseme uongo ili kosa langu lisionekane. Nilijipa na sababu nzuri: nikasema moyoni kuwa nalitaka hilo kwa ajili ya karo ya yule msichana. Kosa halikosi nguo ya kuvaa.

Aliyevunja kimya ni kijana. Alikuwa akizungusha mshipi, wala hakuinua uso. "Nahodha," alisema, "waambie nduaro mmoja, ameachiliwa mzima, hahesabiwi."

Mama Daktari aliitikia kwa kichwa, akasema, "Ndivyo." Nahodha alitangaza vivyo hivyo. Sauti ya upande wa pili iliuliza sababu, naye akajibu, "Ufito uligusika." Hakusema umeguswa na nani.

Zawadi ya siku ile ilikwenda kwa chombo kingine. Mama Daktari aliwapa mabaharia bakshishi kwa kadiri ya uwezo wake, lakini haikulingana na zawadi waliyoitazamia. Mimi alinishika bega akaniambia, "Ulidhani naanguka. Wagonjwa wangu wengi walitendewa hivyo na jamaa zao wenye mapenzi." Sikujua kama ananifariji au ananifundisha.

Usiku nilikaa na kijana ufuoni, ngalawa za wavuvi zikiwa zimepandishwa mchangani. Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Mwalimu, mkono wako haukuwa mbaya. Ulikosa wakati wake tu."

Nilinyamaza, naye akanyamaza. Kisha akasema polepole, kwa adabu ileile ya darasani, "Siku ile jina langu liliposomwa, nilipofika langoni niligeuka. Nilidhani utaniita."

Wasomaji wangu, nimesoma vitabu vya malezi, na nimefanya mitihani juu yake nikafaulu. Hapana ukurasa ulionifundisha kama sentensi ile. Nilikuwa na mikono miwili ile ile siku zote mbili. Mwaka 2015 palikuwa na mtoto anayechukuliwa na maji kweli kweli, na hapakuwa na mkanda uliomshikilia, nami mikono yangu ilikuwa imeshika karatasi. Mwaka 2022 palikuwa na mama mwenye nguvu zake, mwenye mkanda wake na msaidizi wake, nami nikamrukia na kumharibia kazi. Siku ya kwanza nilifuata amri bila huruma. Siku ya pili nikafuata huruma bila kutazama. Katika siku zote mbili sikumtazama mtu mwenyewe. Ningemtazama, ningejua anahitaji nini.

Nilimwambia kuwa karo ya dada yake nitailipa mimi, kwa kuwa mimi ndimi niliyeipoteza. Alikataa. "Nitailipa," alisema. "Msimu bado, na nina mikono. Huenda ikachelewa, na jina lake likaingia katika orodha. Likiingia, Mwalimu, usilisome mbele ya watu. Mwite kando."

Niliahidi. Niliporudi Misikhu, nilipeleka neno hilo katika mkutano wa walimu mwezi wa Januari 2023. Sikusimulia habari za nduaro. Nilisema tu kuwa deni ni la mzazi, na aibu tunampa mtoto. Wengine walipinga, wakasema kuwa aibu ndiyo inayoleta karo. Tulijadiliana sana, na mwisho ikakubaliwa kuwa majina yasisomwe tena mistarini. Barua hupelekwa kwa mzazi, na mwanafunzi huitwa peke yake, na mwalimu wa zamu huandika mtoto huyo anakwenda wapi na atarudi lini. Shule bado inahitaji karo, na wengine bado hurudishwa nyumbani. Sitadai kuwa tuliponya ugonjwa. Lakini aendaye sasa hujulikana alikokwenda, na wengi wa waliokwenda wamefuatwa wakarudi.

Jina la msichana liliingia katika orodha muhula wa pili. Nilimwita kando, chini ya mti ulio karibu na maktaba, nikamweleza. Kaka yake alituma fedha baada ya wiki tatu, na katika wiki hizo tatu hakukosa somo hata moja. Alimaliza Kidato cha Nne mwaka 2024.

Bado nachora bahari ubaoni. Natia mishale ya Kaskazi na Kusi, na mahali ikutanapo mikondo nachora samaki mmoja mwenye mdomo mrefu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza kama maji yale yana chumvi kweli. Nilimwambia gramu 35 katika kila kilo. Kisha nikaweka chaki chini, nikamjibu na swali la pili, lile nililoliacha miaka mingi: naam, nimeyaonja.